George Müller: Mlezi aliyewaandalia yatima siku ya kuondoka

KATIKA makanisa mengi humu nchini, kisa cha George Müller kinachosimuliwa mara kwa mara ni kile cha mkate na maziwa. Watoto yatima wameketi mezani asubuhi, sahani zi tupu na jikoni hamna chochote. Mlezi wao anashukuru kwa chakula ambacho hakijafika. Punde si punde mwoka mikate anabisha hodi, na nyuma yake muuza maziwa ambaye mkokoteni wake umeharibika papo hapo mbele ya nyumba. Wahubiri wanakipenda kisa hicho, na waumini hawachoki kukisikia.

Nyumba ya yatima, hata hivyo, ina milango miwili. Upo ule unaoingiza chakula, blanketi na wageni, na upo ule anaoutokea mtoto siku utoto wake unapofikia kikomo. Habari za mlango huu wa pili ni nadra. Katika miaka mingi ya kuhariri kurasa za gazeti, mwandishi wa makala haya amepitisha picha zisizohesabika za wafadhili wakikabidhi magunia ya unga katika makao ya watoto. Hakumbuki hata moja ya kijana aliyesimama langoni na mzigo wake, akiondoka.

Müller aliuwazia sana mlango huo. Kati ya 1836, alipofungua nyumba yake ya kwanza mjini Bristol, Uingereza, na 1898 alipofariki, watoto 10,024 walipokelewa katika makao yake. Ukiacha wale waliofariki utotoni na wachache waliochukuliwa na jamaa zao au waliofukuzwa, kila mmoja ilibidi atoke siku moja akajitegemee katika nchi ambayo maskini hakuwa na pa kukimbilia ila nyumba ya serikali ya mafukara, mahali palipoogopwa kuliko jela.

Alikuwa Mjerumani. Alizaliwa mnamo Septemba 27, 1805, katika kijiji cha Kroppenstaedt, katika ufalme wa Prussia, na babake alikuwa mtoza ushuru wa serikali. Mtu ambaye baadaye angeaminiwa na umma na pauni zaidi ya milioni moja alianza maisha yake akiwa mwizi. Kabla hajatimiza miaka 10 alikuwa akidokoa fedha za ushuru alizohifadhi babake nyumbani, hadi mzee huyo alipomtegea kwa kuacha kiasi alichokwisha kukihesabu na kukikuta kimefichwa katika kiatu cha mwanawe.

Mamake alifariki George akiwa na miaka 14. Usiku ambao mama alikuwa akikata roho, mwanawe alikuwa akicheza karata hadi saa nane, na siku iliyofuata akazurura mitaani amelewa bila kujua lililotokea. Miaka miwili baadaye, Desemba 1821, alikamatwa kwa kulala katika mikahawa ya kifahari na kuondoka bila kulipa. Akatiwa gerezani Wolfenbüttel kwa zaidi ya majuma matatu, akiwa na umri wa miaka 16, pamoja na wezi na wauaji. Aliyemtoa ni babake, aliyelipa deni, akagharimia safari ya kurudi nyumbani, kisha akamcharaza viboko vya kutosha.

Huenda ni jambo dogo katika maisha marefu kiasi hicho, lakini linastahili kuzingatiwa na yeyote anayewafikiria vijana wasio na wazazi. Müller alipoanguka akiwa na miaka 16, alikuwa na mtu wa kumlipia deni na nyumba ya kurejea. Yatima aliyefanya kosa kama hilo katika karne hiyo hakuwa na mtu wa kumtumia fedha, na huenda angeishia katika merikebu ya wafungwa kuelekea Australia.

Babake alitaka awe kasisi, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa na mshahara wa uhakika na nyumba ambamo mzee mwenyewe angestaafia. Ndivyo kijana huyu asiye na dini alivyoingia Chuo Kikuu cha Halle mnamo 1825 kusomea theolojia. Novemba ya mwaka huo rafiki mmoja alimpeleka katika nyumba ya mfanyabiashara ambako watu wachache walikutana kusali, na mtu mmoja akapiga magoti mbele yao. Müller alikuwa hajawahi kumwona mtu akisali akiwa amepiga magoti. Jioni hiyo iligeuza maisha yake.

Halle ilimpa jambo jingine. Mjini humo palikuwa na taasisi kubwa ya yatima iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 17 na August Hermann Francke, profesa aliyelea na kusomesha watoto wengi maskini kwa michango ya watu. Müller aliishi kwa miezi miwili katika vyumba vya bure vilivyotengewa wanafunzi fukara wa theolojia katika taasisi hiyo. Alipita katika nyua zake, akawaona watoto, na mbegu ikapandwa ingawa ilichukua takriban miaka 10 kuota.

Mnamo 1829 alihamia London akiwa na azma ya kuwa mmisionari kwa Wayahudi. Mpango huo haukudumu. Afya yake ilidhoofika, akaenda kupumzika katika mji wa pwani wa Teignmouth, na huko akawa mhubiri wa kanisa dogo. Mnamo 1830 alimwoa Mary Groves, na katika mwaka huo huo akakataa mshahara rasmi pamoja na desturi ya kukodisha viti vya kanisa, ambayo iliwapa matajiri nafasi za mbele na kuwasukuma maskini nyuma. Mnamo 1832 akahamia Bristol na mwenzake Mskoti, Henry Craik. Waliwasili mwaka ambao kipindupindu kilikuwa kikiwaua watu wa mji huo, nacho kikiua wazazi huacha watoto.

Müller na mkewe walijua msiba wa nyumbani pia. Mwana wao wa kiume, Elijah, alifariki mnamo 1835 kabla ya kutimiza miaka miwili, wakabaki na binti mmoja, Lydia. Mwishoni mwa mwaka huo huo Müller alisoma tena maisha ya Francke, na mnamo Desemba akatangaza mbele ya mkutano wa hadhara kwamba angefungua nyumba ya yatima.

Hakuficha nia yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, lengo la kwanza lilikuwa kuonyesha kwamba Mungu bado hujibu maombi. Nyumba ingeendeshwa bila kumwomba mtu yeyote hata senti, na bila deni. Ustawi wa watoto ulikuja nyuma ya lengo hilo. Kwa msomaji wa leo mpangilio huo unatia shaka kidogo, maana mtoto hapaswi kuwa hoja katika mjadala wa watu wazima. Ila ukifuatilia jinsi fedha zilivyotumika, utaona kwamba mtu huyu hakuwahi kumpunja mtoto ili apate hoja nzuri.

Kisa kimoja cha miezi hiyo ya mwanzo ni cha kuchekesha. Nyumba ilikuwa imekodiwa, samani zimechangwa, wahudumu wamepatikana. Mapema Februari 1836 Müller akaketi katika chumba cha kanisa kupokea maombi ya nafasi. Akangoja saa mbili. Hakuja mtu. Akiwa njiani kurudi nyumbani akakumbuka kwamba alikuwa ameomba fedha, vyombo, nguo na wafanyakazi, lakini hakuwa ameomba watoto. Aliona ni jambo litakalojileta lenyewe. Kesho yake ombi la kwanza likafika.

Aprili 11, 1836, wasichana wa kwanza waliingia katika nyumba nambari 6, barabara ya Wilson. Kabla ya mwaka kwisha ikafunguliwa nyumba ya watoto wachanga, na mwaka uliofuata ya wavulana. Miaka kumi iliyofuata ndiyo iliyozaa visa vya meza tupu. Siku nyingi hazina ilikuwa haina hata peni moja asubuhi, na wafanyakazi wenyewe waliuza vitabu na vitu vyao ili kununua mkate wa jioni. Wala Müller hakuruhusu bidhaa kuchukuliwa kwa mkopo dukani.

Majirani walikuwa na malalamiko yao. Nyumba nne zenye watoto zaidi ya 100 katika barabara moja nyembamba zilileta kelele saa za michezo na kuzidisha shida ya maji na mitaro. Mnamo 1845 mkazi mmoja aliandika barua ya upole kueleza hayo, na Müller badala ya kujitetea alikiri kwamba mlalamishi alikuwa na haki. Alinunua shamba katika kilima cha Ashley Down, nje kidogo ya mji, na mnamo 1849 nyumba ya kwanza ya watoto 300 ikafunguliwa. Ikafuatwa na ya pili mnamo 1857, ya tatu 1862, ya nne 1868 na ya tano 1870. Nafasi zote kwa jumla zilikuwa 2,050.

Sharti la kuingia lilikuwa kwamba mtoto awe amefiwa na wazazi wote wawili, awe hana uwezo, na awe amezaliwa katika ndoa halali. Katika makao mengine ya wakati huo mtoto alihitaji kupigiwa kura na wafadhili, na jamaa walilazimika kuzunguka kuomba kura hizo kama wanasiasa. Kwa Müller hapakuwa na kura wala ada. Lakini sharti la ndoa halali liliwafungia nje watoto ambao hawakuwa wamekosa lolote, na hilo ni doa ambalo sifa nyingine haziwezi kulifuta.

Ndani ya kuta hizo maisha yalienda kwa kengele. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, sarufi, historia, jiografia na kuimba. Wasichana walishona na kushika zamu katika kazi za nyumbani. Wavulana nao, kinyume na desturi ya wakati huo, walifundishwa kufuma na kutia viraka soksi zao, kutandika vitanda, kupiga deki na kulima bustani. Mvulana wa miaka 14 aliyetoka Ashley Down aliweza kuzishughulikia nguo zake mwenyewe, ujuzi ambao si haba kwa mtu atakayeishi bila mama wala dada.

Elimu hiyo iliwaudhi baadhi ya watu. Müller alishutumiwa kwamba alikuwa akiwainua watoto wa maskini kupita hadhi waliyozaliwa nayo, na kwamba alivinyima viwanda, migodi na mashamba vibarua vilivyowahitaji. Ili kuuelewa uzito wa lawama hizo, msomaji akumbuke mwatima wa kawaida alikwenda wapi. Wasimamizi wa mafukara waliwapeleka watoto katika viwanda vya pamba au kuwakabidhi kwa bwana yeyote aliyewaondolea mzigo. Mtoto alipotoka mikononi mwao, jina lake lilitoka katika hesabu, na hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyowafurahisha walipa kodi.

Utaratibu wa Ashley Down ulikuwa tofauti kabisa, na Müller aliueleza katika taarifa zake za kila mwaka. Kwa kawaida wavulana walitoka wakiwa na miaka 14 au 15, na wasichana wakiwa na miaka 17. Hata hivyo, hakukuwa na tarehe iliyokatwa. Kila mtoto alipimwa peke yake, na asiyekuwa tayari kwa afya au kwa ujuzi alibaki hadi awe tayari. Kanuni ilikuwa kwamba umri pekee haumtoi mtu.

Mvulana alipokaribia wakati wake, aliulizwa kazi gani angependa. Huenda ni useremala, ushonaji nguo, uokaji mikate, uchapishaji au kazi nyingine. Chaguo lilikuwa lake. Akishachagua na kuandikishwa kuwa mwanagenzi, hakuruhusiwa kubadilisha nia kila upepo unapovuma. Makao yalimtafutia fundi, yakachunguza tabia na dini ya mtu huyo, kisha yakalipa ada ya mafunzo kutoka katika hazina yao. Kwa kawaida mwanagenzi aliishi katika nyumba ya fundi wake na kula mezani pake, hivyo kutoka katika makao kulikuwa ni kuingia katika nyumba nyingine, na wala si kuachwa barabarani.

Wasichana hawakupewa uhuru wa kuchagua kiasi hicho. Wengi wao walikwenda kuwa watumishi wa nyumbani, na wachache wenye vipawa vya masomo wakafundishwa kuwa walimu. Kabla ya kutoka walipitishwa jikoni, katika chumba cha kufulia na cha kushonea hadi wakamudu kazi. Familia zilizotaka watumishi kutoka Ashley Down zilikuwa nyingi kuliko wasichana waliokuwa tayari, na jambo hilo liliwapa walezi nguvu ya kukataa. Anayeombwa huweza kuuliza maswali. Anayetafuta wa kumwondolea mzigo hana ubavu huo. Ni kweli kwamba utumishi wa nyumbani ulikuwa kazi ya kutwa kucha na ya malipo duni. Lakini kwa msichana maskini wa wakati huo zilikuwapo njia chache, nyingine zikiwa za aibu na hatari, na ndiyo sababu Müller alitenga nafasi nyingi zaidi kwa wasichana tangu mwanzo. Katika nyumba ya kwanza ya Ashley Down, wasichana wenye umri wa zaidi ya miaka saba walikuwa 140 na wavulana wa rika hilo 80.

Kila aliyeondoka alipewa nguo za kutosha zilizotiwa katika sanduku la bati. Msomaji yeyote aliyesoma shule ya bweni humu nchini anajua maana ya sanduku hilo, jinsi linavyogonga miguu njiani na jinsi ambavyo kwa muda mrefu ndilo mali yote ya mwenyewe. Gharama zote za mavazi na safari zilitoka kwa makao. Mary Müller, ambaye alisimamia vitambaa, matandiko na ushonaji karibu kila siku hadi kifo chake mnamo 1870, alihakikisha kwamba nguo hizo ni za kumsitiri mtu na hazimtangazi kuwa ni mtoto wa sadaka.

Kisha mtoto alipelekwa katika ofisi ya Müller. Kulikuwa na sala fupi. Mzee huyo alimtia mtoto Biblia katika mkono wa kulia na sarafu ya nusu kroni katika mkono wa kushoto, akimweleza kwamba akikishika barabara kilichomo katika mkono wa kulia, mkono wa kushoto hautakosa kitu. Nusu kroni ilikuwa shilingi mbili na peni sita, yaani sehemu ya nane ya pauni moja, kwa hesabu ile ile ya shilingi 20 ambayo wazee wetu bado wanaikumbuka. Hizo hazikuwa fedha za kuanzishia maisha. Lakini kwa mtoto aliyelelewa mahali ambapo kila kitu kilitolewa bure na kwa kengele, yaelekea zilikuwa fedha zake za kwanza za kutumia apendavyo, na hilo lenyewe ni somo ambalo lingepaswa kuanza mapema zaidi.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wa mpango mzima. Watoto waliokulia katika nyumba za mawe zenye watu mia kadhaa hawakujua kwenda sokoni, kupatana bei wala kumtambua tapeli. Walikuwa watiifu na wachapa kazi, na mtu mtiifu asiyeujua ulimwengu hutumiwa kwa urahisi. Aidha, miaka 14 ni michache mno kwa mtoto kuanza kuishi chini ya bwana wa kazi, hata akiwa bwana mwema. Hayo ni ya kusema, ingawa watoto wengine wa maskini wa Uingereza walianza kazi wakiwa wadogo zaidi ya hapo.

Kilichosawazisha udhaifu huo kwa kiasi fulani ni mawasiliano. Waliotoka waliandika barua, na Müller alizisoma na kuzitaja katika taarifa zake mwaka baada ya mwaka. Wapo waliotuma shilingi chache kutoka katika mshahara wao wa kwanza. Wapo waliooa na kuolewa wakaja na watoto wao kuonyesha vitanda walivyolalia. Mtu mwenye mahali pa kupeleka barua hawezi kusemwa kwamba hana kwao.

Umaarufu wake ulivuka mipaka ya kanisa lake. Mnamo 1857 jarida la Household Words lililohaririwa na mwandishi mashuhuri Charles Dickens, ambaye hakuwa mtu wa kusifu taasisi za hisani ovyo, lilichapisha makala kuhusu kazi yake. Hesabu za fedha zilichapishwa kila mwaka na mtu yeyote angeweza kuzikagua. Kati ya takriban pauni milioni 1.5 zilizopita mikononi mwake katika uhai wake, karibu pauni milioni moja zilitumika kwa yatima. Nyingine zilikwenda kwa shule, usambazaji wa Biblia na wamisionari kama vile Hudson Taylor wa China.

Baada ya kifo cha Mary, Müller alimwoa Susannah Sangar mnamo 1871, mwaka ambao pia binti yake Lydia aliolewa na James Wright, msaidizi aliyekuja kurithi kazi hiyo. Akiwa na umri wa miaka 70 alianza safari za kuhubiri zilizomfikisha katika nchi 42, mwendo wa zaidi ya kilomita 320,000 kwa meli, treni na magari ya farasi. Alirejea kutoka safari ya mwisho mnamo 1892. Lydia alikuwa amefariki mnamo 1890, na Susannah akamfuata mnamo 1894. Mzee akahamia chumba katika nyumba nambari tatu ya yatima, akaishi kati ya watoto kama mmoja wa wakazi.

Dunia imeuacha mtindo wa nyumba zake. Majengo ya Ashley Down yaliuzwa kwa mji wa Bristol mnamo 1958, yakawa chuo, na watoto waliokuwa wamesalia wakahamishiwa katika nyumba ndogo za kifamilia, maana ilikuwa imedhihirika kwamba mtoto hakui vyema katika bweni la mamia. Kenya nayo imeamua hivyo. Sheria ya Watoto ya 2022 iliichukua nafasi ya ile ya 2001, na mkakati wa kitaifa uliotolewa mwaka huo huo wa 2022 unalenga kuwarejesha watoto wa makao katika familia, ama za jamaa ama za malezi ya kambo, katika muda wa miaka 10.

Hata hivyo, swali la mlango wa pili halijahama. Sheria zetu humhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, na siku hiyo kalenda humtoa kijana aliye tayari na asiye tayari kwa mkupuo mmoja. Huenda yumo katikati ya kidato cha tatu. Huenda anatakiwa kupeleka vitambulisho vya wazazi asiowajua ili apate chake, na bila kitambulisho hakuna laini ya simu, hakuna akaunti ya benki wala kazi ya ulinzi langoni. Kijana aliyelelewa na wazazi wake hutimiza miaka 18 akabaki kitandani mwake, akaenda mjini kujaribu bahati na kurejea mara tatu au nne kabla hajasimama. Müller mwenyewe alirejeshwa nyumbani kutoka gerezani. Yeye, katika enzi isiyojua haki za watoto, aliona kwamba tarehe ya kuzaliwa haitoshi kuwa sababu ya kumwondoa mtu, na akaweka fedha kando kwa ajili ya fundi, nguo na nauli kabla ya siku hiyo kuwadia.

Asubuhi ya Machi 10, 1898, mhudumu alipompelekea chai alimkuta ameanguka kando ya kitanda chake, amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 92. Jioni iliyotangulia alikuwa ameongoza ibada ya maombi kama kawaida. Wasia ulipofunguliwa ilibainika kwamba mali yake yote, vikiwemo vitabu na samani, ilikuwa ya thamani ya takriban pauni 160. Kati ya fedha alizopewa na watu kwa matumizi yake binafsi, alikuwa amegawa zaidi ya pauni 81,000.

Siku ya mazishi biashara nyingi za Bristol zilisimama, na maelfu ya watu wakapanga mistari barabarani. Watoto wa Ashley Down walitembea nyuma ya jeneza. Miongoni mwa waliojitokeza walikuwamo watu wazima waliowahi kutoka langoni mwa makao hayo na sanduku la bati, wengine wakiwa sasa na wajukuu. Alizikwa katika makaburi ya Arnos Vale kando ya wake zake wawili. Kumbukumbu ya mawe iliyosimamishwa juu ya kaburi hilo ililipiwa kwa michango ya hiari ya wengi waliokuwa yatima wake.